Mate ya Mama na Mwairishi wa Malvern

Lerato, mkuu wa maabara yetu, ameniomba niwaachie maandishi kabla sijaanza kusahau. Anasema ninyi vijana mnazijua mashine kunishinda, ila hamjui bado zinavyoweza kumtia mtu kiwewe. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Siku ya kuniaga keki ilikuwa tamu na hotuba zilikuwa ndefu, yatosha. Nitaandika nilivyofundishwa kushika kichupa, halafu nitafika kwa mzee mmoja wa Malvern ambaye kichupa chake nusura kinitoe kazini na doa, miezi sita kabla ya kustaafu.

Naitwa Wakesho. Nimetoka Voi, kwa Wataita, nikaja Johannesburg na diploma ya maabara, sanduku moja na sweta nyepesi mno kwa baridi ya Juni ya huku. Kaka yangu Maiko, kifunguamimba wa mama na fundi wa magari, alinisindikiza hadi kituo cha basi akaniambia nisikae sana. Nimekaa miaka thelathini na mmoja.

Aliyenipokea maabara alikuwa Papa Kalenga, fundi mkuu, mtu wa Lubumbashi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alipogundua nasema Kiswahili alifurahi, kisha akakicheka Kiswahili changu, nami nikakicheka chake, tukapatana. Akanipa pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kudondosha matone, pamoja na glasi ya chai ya rangi. Kazi yangu ikawa kuhamisha chai ile tone kwa tone, kutoka safu moja ya vichupa hadi nyingine, bila kuacha hata povu. Siku ya tatu nikamuuliza kama nimeajiriwa maabara au mkahawani.

"Mama Wakesho," akasema, "mukono yako ikitetemeka, mutoto wa mutu atapewa baba mwingine." Nikaendelea kuhamisha chai.

Siku ya nne akaniambia nijisugue ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Akakiloweka kijiti, akazungusha, akatia dawa, mwishowe akamimina pombe iliyotoka kwenye friza, taratibu, ikakaa juu. Kati ya maji na pombe pakatokea nyuzi nyeupe, nyembamba, zinaelea. "Angalia," akasema. "Ile ni weye yote." Nilikishika kichupa nikakiinua kwenye mwanga. Mama yangu alikuwa mle, na mama yake, na watu wa vilima vya Taita waliokufa bila kupigwa hata picha moja. Sijawahi kuzizoea nyuzi zile mpaka leo. Siku mtakapozizoea, ombeni likizo.

DNA yangu ile haikutupwa. Iliingizwa kwenye orodha tuliyoiita daftari la wenyeji, ambayo ninyi mnaijua kama faili tu kwenye kompyuta. Kila anayefanya kazi maabara yumo. Mate au ngozi yako ikiangukia sampuli ya mteja, kompyuta inapiga kelele kwamba mwenyeji ameingia mahali asipoalikwa. Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja ukutani: kichupa kikiwa wazi, mdomo uwe umefungwa. Fomu ya daftari iliuliza asili yangu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: Mtaita, kwa baba na kwa mama, tangu zamani. Nilimkumbuka kidogo nyanya yangu mzaa mama, aliyekuwa mweupe kupita watu wote wa mtaa wetu, kisha nikapita. Nyumbani jambo hilo halikuulizwa.

Miaka ya kwanza kazi yetu kubwa ilikuwa kuthibitisha baba na mtoto kwa ajili ya karatasi za uhamiaji. Alikuja fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, Mkongomani, na msichana wa miaka tisa. Majibu yakasema yeye si baba, ni ndugu wa baba. Nilipomweleza alinitazama kama mtu niliyemtukana.

"Kaka yangu alipokufa mutoto hakubakia bila baba," akasema. "Baba yake ni miye. Mashine yenu iliona nini ingine?"

Papa Kalenga aliandika matokeo kama yalivyo, hakubadilisha hata nukta, kisha akaambatanisha barua ya ukurasa mzima kueleza baba mdogo ni nani kwetu na anabeba nini. Msichana alipata karatasi zake. Sijui kama ni ile barua, au afisa aliamka vizuri siku hiyo.

Halafu watu wakaanza kuja bila kesi yoyote. Walitaka tu kujua wametoka wapi. Fomu yao ina swali: unadhani asili yako ni ipi? Hapo ndipo nilipokutana na Ayalandi. Wazungu wa Benoni, watu wa damu mchanganyiko wa Eldorado Park, mama mmoja Mhindi wa Lenasia mwenye nywele zenye wekundu kidogo, mwalimu wa Soweto aliyerithi jina la padri fulani, wote waliandika Mwairishi. Sikuona hata mmoja aliyeandika Mwingereza kwa furaha namna ile, ingawa majibu yakitoka Waingereza walikuwa tele. Wengine walitaka pasipoti, nikawaeleza kwamba pasipoti hutafutwa kwa vyeti vya kuzaliwa, si kwa mate. Wengi hawakutaka pasipoti. Walitaka tu niwaambie ndiyo.

Papa Kalenga alikuwa na maelezo yake. "Kila mutu anapenda babu mwenye alilia njaa," alisema, akikumbuka njaa kuu ya Ayalandi chini ya Waingereza. "Babu mwenye alinyang'anya, hakuna mutu anamutafuta." Nilicheka sana. Wakati wa chai nikawa na mzaha wangu, kwamba Wairishi wote wa Joburg wakirudi kwao kwa pamoja, kisiwa kitazama. Mungu naye alikuwa anasikiliza.

Papa Kalenga alistaafu, miaka ikapita, nikawa mimi wa kuwapa vijana chai ya rangi. Ndipo asubuhi moja ya baridi akaja Mzee Terence. Alitoka mtaa wa Malvern kwa teksi, miaka sabini na minane, mjane, sweta ya kijani imetoboka kiwiko. Mwenzetu wa kuchukua sampuli alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilimhudumia mwenyewe. Pale kwenye asili aliandika Mwairishi, akapigia mistari miwili.

"Mbona miwili?" nikamuuliza. Tulikuwa tunaongea Kiingereza, nawaandikia kwa lugha yangu.

"Kwa sababu ndicho kitu pekee baba aliniachia," akasema. "Nilipokuwa mdogo, Mzungu wa hapa alikuwa Mwingereza au Kaburu. Baba akasema sisi ni Wairishi, hayo yao hatumo. Nami nikasema hivyo maisha yangu yote, huku nikipanda basi la Wazungu na kukaa benchi la Wazungu." Akatazama viatu vyake. "Ilikuwa rahisi kuwa Mwairishi, Mama. Hukutakiwa kufanya lolote."

Katika miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kuniambia hivyo. Nikavuta kiti karibu. Akanieleza kwamba huyo Mwairishi alikuwa babu yake, Michael, mtu wa reli. Alikwenda kwenye vita vya kwanza vya dunia, mahali penye joto na homa, hakuna aliyejua wapi. Akarudi amenyamaza, akanywa mpaka akafa. Baba yake Terence hakumsamehe. Picha alizichoma, na katika ukoo mzima hakuna mtoto aliyepewa jina lile.

"Nataka kujua kama alikuwepo kweli," akasema. "Sina mtu mwingine wa kutoka kwake hapa, mwanangu yuko Australia. Na daktari wa moyo ameniambia nisijisumbue kununua viatu vipya."

Nikacheka, nikamwambia anunue viatu, madaktari nao hukosea. Kichupa chake kilikuwa wazi mkononi mwangu.

Wiki mbili baadaye kompyuta ikapiga kelele. Katika sampuli ya Mzee Terence kulikuwa na mwenyeji, na mwenyeji huyo alikuwa Wakesho. Mimi, niliyewasimamia vijana wote kwa sheria ya mdomo, nilikuwa nimeongea juu ya kichupa. Nikaenda kwa Lerato nikamwambia kila kitu kabla hajaniuliza.

Lerato ni binti wa umri wa kuwa mwanangu, mpole, lakini kwenye kazi hana mchezo. Akamwita mzee tena, akachukua sampuli ya pili kwa mkono wake, mimi nikiwa nje ya jengo. Kompyuta ikapiga kelele vilevile. Basi shaka ikahamia kwenye dawa na maji ya maabara, kwa sababu miezi mitatu yote hiyo nilikuwa nimevitengeneza mimi.

"Eish, Mama," akaniambia. "Mimi nakuamini. Karatasi ndiyo haikuamini." Kama hatutapata maelezo, ilibidi aandike uchafuzi. Kazi yangu ya miezi mitatu ingetupwa, familia zingeitwa upya, na Mzee Terence angetumiwa barua ya kumwomba radhi bila jibu lolote. Akanipa wiki sita.

Jumamosi nikaenda Yeoville kwa Papa Kalenga na karatasi zangu kwenye mfuko. Ana miaka themanini, anatembea kwa fimbo, lakini shati bado limepigwa pasi. Alivaa miwani, akaitandaza mezani michoro inayoonyesha kwa mistari mahali DNA ya mzee inapofanana na yangu, akaifuata kwa kidole muda mrefu sana. Mkewe alileta chai, ikapoa.

"Buchafu haichague fasi ya kuikala," akasema mwishowe; fasi kwao ni mahali. "Inaanguka kila fasi, kidogo kidogo. Hii imeikala mistari mirefu, kumi tu, na fasi ingine yote ni safi." Akavua miwani. "Mama Wakesho, hapana buchafu. Huyu ni ndugu yako."

Nilijua amesema kweli. Pengine nilikuwa najua tangu nikiwa na miaka saba, siku nilipomuuliza mama kwa nini nyanya ni mweupe na watoto wa shule wanamwita mtoto wa reli. Mama alinipiga kofi, halafu akalia yeye. Sasa ili nisafishe jina langu nilihitaji mate ambayo hayajawahi kukanyaga maabara yetu, na mwenye mate hayo alikuwa ni mama, huko Voi, miaka themanini na sita.

Nilimpigia simu Jumapili baada ya ibada.

"Mama, nahitaji mate yako."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna. Ni ya kazini." Nikaanza kueleza, nikazunguka kama mtu anayetafuta choo nyumba ya ugenini. Aliniacha nimalize.

"Unaulizia habari za nyanya yako," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimpiga kila aliyemwita mama yangu mtoto wa reli. Hata wewe nilikupiga."

"Nakumbuka."

"Na sasa unataka habari hiyo niitie kwenye kichupa, watu wa Joburg waisome."

"Ukikataa haitaandikwa popote. Nitaondoka na doa langu, nitaishi." Nilisema hivyo ingawa nilikuwa nalitaka jina langu lile safi kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mama akauliza: "Huyo mzee ana watu?"

"Ana mtoto Australia."

"Sikuuliza hivyo. Nimeuliza ana watu."

"Hana, mama."

"Lete kichupa."

Kichupa kilikwenda, kikarudi kimejaa pomoni. Lerato alikipima mwenyewe, mashine ikasema hamna kitu, ni maji. Sampuli niliyoisubiri wiki mbili ilikuwa maji ya bomba la Voi. Nikampigia Maiko, aliyekuwepo wakati mama anatema.

"Alisema hawezi kutoa mate yenye hasira," Maiko akanieleza. "Akasema kwanza atase."

Kwetu kutasa ni kazi ya wazee. Mtu anajaza kinywa maji au pombe ya miwa, anayapuliza, na kati ya puliza na puliza anatamka maneno ya kuitoa hasira iliyomkaa moyoni. Mama ni mzee wa kanisa na huwa hayasemi mambo hayo mbele ya mchungaji. Siku ile alipulizia kichupani, Maiko ameshika faneli ya gereji, ambayo anaapa aliiosha. Nilipomfasiria Lerato alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatulia akauliza, "Maneno yenyewe yalikuwaje?" Maiko aliyakumbuka: hasira yangu na itoke, aliyetuacha na alale, aliyepotea na aione njia.

Tulituma kichupa cha pili na maelezo ya herufi kubwa kwamba maji hayatakiwi. Kilifika siku nne kabla ya wiki sita kuisha.

Lerato aliniita tukae pamoja mbele ya kompyuta. Mama yangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Kenya, alifanana kwa DNA na Mzee Terence wa Malvern karibu mara mbili yangu mimi. Mistari yangu yote kumi ilikuwa ndani ya yake, na yeye alikuwa na mingine. Walikuwa na babu mmoja. Wakati wa vita vile jeshi la huku Kusini lilipeleka watu wa reli Voi kutandika njia ya kwenda Taveta, na mmoja wao alimwacha msichana wa Kitaita na mimba. Nilikumbuka nyuzi nyeupe za siku ile ya nne, nilivyozitazama kisha nikaandika Mtaita tangu zamani. Mwairishi alikuwa anaelea mle mbele ya macho yangu. Wale wote niliowacheka wakati wa chai walikuwa wakimtafuta mtu ambaye mimi nilikuwa naye mwilini, bure, bila kumwomba.

Lerato akaandika kwenye faili: undugu wa kweli, hakuna uchafuzi. Akanigeukia akanikumbatia, jambo ambalo sheria za maabara hazilikatazi ila yeye huwa halifanyi.

Mzee Terence alikuwa ameweka tiki mahali pa kukubali kuambiwa kama ndugu akipatikana. Mimi nilitia sahihi upande wangu, na mama akanipa neno lake kwa simu, mchungaji akiwa shahidi, maana aliamua kama ni kusema, aseme. Kwanza nikampa mzee majibu ya asili. Babu alikuwepo kweli. Ayalandi ilikuwa robo yake, na zilizobaki ni Uingereza, Uholanzi, Bengali kidogo, na mwanamke mmoja wa zamani sana wa Wakhoi, watu wa kwanza wa huku Kusini.

"Robo," akasema. "Nimeimba katika baa zote za Jules Street kwa ajili ya robo." Akaisoma tena karatasi. "Na huyo mama Mkhoi, tulimweka benchi gani?"

Halafu nikamwambia habari za Voi. Nilimweleza kwamba kwa Kiingereza undugu wetu unahitaji nusu ukurasa kuueleza, lakini kwetu yeye ni kaka ya mama yangu, kwa hiyo ni mjomba wangu, basi.

"Mjomba kazi yake nini?"

"Harusi zikija anaulizwa. Mambo yakiharibika analaumiwa."

Alitoa leso akajipangusa, akasema kazi hiyo anaiweza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake Malvern na simu yangu. Alikuwa amenunua viatu vipya. Nilimfundisha shikamoo njia nzima kutoka mlangoni hadi sebuleni, kwa sababu mama ni mkubwa wake kwa miaka minane na hilo halina mjadala. Uso wa mama ukatokea kwenye simu, amejifunga kitambaa cha kanisani. Mzee akasema shikamoo yake, ikatoka imepinda, mama akaitika, "Marahaba, kaka." Wakatazamana. Mimi nilishika simu kwa mkono wangu wa pipeti.

"Muulize," Mzee Terence akaniambia, "kama huko kuna anayemkumbuka."

Nikauliza. Mama akafikiri.

"Mwambie mama yangu alikufa bila kumtaja," akasema. "Mimi pia sikumtaja." Kisha akageuka upande wa uani, akapaza sauti: "Maiko!"

Kaka yangu akaja, anafuta grisi mikononi kwa kitambaa, nywele zimejaa mvi. Mama akamshika mkono akamvuta karibu na simu.

"Kifunguamimba wangu nilimpa jina la babu yangu, nyanya yangu alininong'oneza mara moja tu. Kanisani nikawaambia ni la malaika." Maiko alimtazama mama, halafu akanitazama mimi, na hakuna kati yetu aliyekuwa anajua. "Mwambie kaka yangu hivi. Hatukumtaja. Lakini tulimwita. Miaka sitini na sita, kila jioni, katika ua huu, tunaliita jina lake lije kula."

Mzee Terence alikuwa ananitazama, anasubiri nimfasirie. Nikamfasiria neno kwa neno. Jina la kaka yangu nikalitamka kwa Kiingereza: Michael.